Mluzi Kwenye Hedifoni

Jumatatu, 2 Juni

Mashine imeanza kazi leo. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, juu ya vichwa vya watu wote stesheni, sauti ya mwanamke ambaye hajazaliwa: "Treni — ya — saa — moja — kasorobo." Miaka kumi na tisa kazi hiyo ilikuwa yangu. Sogeeni nyuma ya mstari wa njano. Mtoto aliyevaa sweta jekundu anatafutwa na mama yake. Mashine haijui kutafuta mtoto.

Mimi nimehamishiwa dirisha la vitu vilivyopotea. Miavuli arobaini na mmoja. Meno ya bandia, seti ya juu tu. Kiatu kimoja cha kushoto — huyo mtu alishukaje? Mkuu wa stesheni kanipa bahasha ya posho ya uhamisho, na mkono wa pole. Mkono ulikuwa mzito kuliko bahasha.

Lakini! Kuna barua pepe. Imetoka kwa dada mmoja wa shirika linalotoa vitabu vya kusikiliza. Anasema alipanda treni zetu miaka kumi na moja, na sauti yangu aliizoea kabla ya kuizoea ya bosi wake. Anaomba nijirekodi nikisoma sura moja, dakika kumi na tano, nyumbani kwangu, nimtumie kabla ya Ijumaa ya tarehe 20. Wakiipenda wananipa kitabu kizima.

Nimeapa sitamwambia mtu. Nikamwambia mume wangu. Naye akamwambia mama yake. Basi siri iko kwa nyumba nzima, yaani sisi watatu.

Jumanne, 3 Juni

Nimejirekodi kwa simu, mezani jikoni, baada ya kazi. Nikasikiliza kwa spika ya simu hiyo hiyo. Nzuri! Kwa kiherehere nikamtumia yule dada wa vitabu kipande. Jibu lilikuja ndani ya saa moja, la upole — upole wa daktari wa meno. Sauti ndiyo ile ile, anasema. Ila anasikia friji. Anasikia kiti. Anasikia midomo ikibanduka kabla ya kila sentensi. Anasikia chumba.

Chumba kinasikikaje?

Akanipigia kabisa kunieleza. Kosa si maiki kwanza. Kosa ni kwamba mimi mwenyewe sijui ninachotuma. Ninunue hedifoni za kufunika sikio lote, za waya, zisizopamba sauti. Kisha maiki ya kawaida, na kisanduku cha kuunganisha maiki na kompyuta. Si lazima viwe vya bei ya juu. Vya kati vinatosha, mradi viendane. Neno hilo karudia mara tatu. Viendane.

Mume wangu anasema bahasha ni yangu na sauti ni yangu, yeye ana neno gani? Ila ikiisha imeisha. Akiba ya karakana haiguswi. Haki yake. Yeye ni fundi wa makochi, karakana iko nyuma ya nyumba, ukuta mmoja na jikoni, na ile akiba ni ya cherehani kubwa ya kushona ngozi.

Mama mkwe kauliza masikio niliyonayo yana kasoro gani.

Alhamisi, 5 Juni

Duka la mlango wa kioo. Muuzaji kijana, shati limenyooshwa hadi linakata. Sijamaliza sentensi kashanivalisha hedifoni nyeusi zinazong'aa, zisizo na waya. Sikia besi hiyo mama! Inagonga mpaka moyoni!

Kweli iligonga. Nikamwomba aniwekee rekodi yangu ya jikoni. Mungu wangu. Mwanaume ndani ya kisima. Tamu kusikiliza, lakini si mimi. Tena nikiongea, sauti inanifikia imechelewa kidogo, kama mwangwi wa ukumbi wa stesheni. Mwangwi naujua. Miaka kumi na tisa nimeongea polepole kwa sababu yake. Sitaununua.

Jozi ya pili: nyepesi, bei rahisi, zinabana kama kofia ya mtoto. Ya tatu: bei yake ingemeza bahasha yangu na kurudi kwa chakula cha jioni. Kijana kaniambia wateja wote wanachukua zile za kwanza. Nikamwambia wateja wote hawasomi vitabu. Nimetoka na kisanduku tu, kile cha bei ya chini kabisa. Kina taa moja ya kijani. Nimeipenda ile taa.

Jumamosi, 7 Juni

NIMEPATA!

Studio moja ya matangazo ya biashara inafungwa, wanauza vyombo mlangoni. Hedifoni za kijivu, kubwa kama bakuli, zina velveti sikioni. Zimetumika, lakini zimetunzwa. Mwenye studio kanichomekea kwenye meza yake kubwa ile yenye vitufe mia. Nikasikia rekodi yangu ya jikoni — jamani! Ilikuwa kama mtu kafungua dirisha. Nilijisikia nikivuta pumzi. Nilijua pale niliposimama na pale nilipokaa.

Zimekula zaidi ya nusu ya bahasha. Sijali. Nimetembea hadi nyumbani nimezivaa shingoni, bila kuchomekwa popote, kama mwehu.

Jumapili, 8 Juni

Sijui niandike nini.

Nimezichomeka kwenye kisanduku changu chenye taa ya kijani. Nikazungusha kitufe cha sauti hadi mwisho. Mnong'ono. Kama majirani wanaogombana nyumba ya tatu. Nikabonyeza kila kitu. Mume wangu akachomoa, akachomeka, akapuliza kwenye tundu — dawa yake kwa vyombo vyote. Mnong'ono ule ule.

Siku kumi na mbili zimebaki. Maiki sina. Bahasha imekonda. Nimelia kidogo chooni, nikafungua bomba ili wasisikie. Nilipotoka mama mkwe kanitazama, kasema maji yanaisha.

Jumanne, 10 Juni

Baada ya kazi nimekwenda kwa Dada Solda. Ndiye aliyekuwa akitengeneza vipaza sauti vya stesheni miaka ile, mwanamke mmoja juu ya ngazi, bisibisi mdomoni. Sasa ana kibanda chake cha kutengeneza redio na amplifaya. Mbona sikuanza kwake? Kiburi tu. Nilitaka niingie dukani nifunguliwe mlango wa kioo.

Akazigeuza zile bakuli za kijivu. Akacheka, si kwa ubaya.

"Mama Spika, umenunua farasi, huna hata kamba ya kumfungia. Unaona namba hii? Mia mbili na hamsini. Hiyo ni ubishi wake kwa umeme. Ubishi mkubwa hivi unataka amplifaya ya kuusukuma. Kisanduku chako ni kama pampu ya uani, wewe unataka ipandishe maji ghorofa ya nane."

"Basi niuzie amplifaya."

"Nitakuuzia, pesa itaisha, utasomea kwenye kijiko badala ya maiki. Na bado. Tazama huku nyuma."

Kumbe zina matundu! Ziko wazi mgongoni. Ndiyo maana zilisikika kama dirisha. Sauti inavuja nje, inarudi kwenye maiki. Kwa kusikiliza muziki kochini, hakuna mfano. Kwa kusoma mbele ya maiki, matatizo matupu.

Nikakaa kwenye ndoo yake. Nilijiona mjinga wa mwisho.

Akanywa chai yake, akafikiri. Kisha akasema wazi kabisa: amezitafuta hizi miaka minne, za kupimia amplifaya anazotengeneza. Yeye anayo hiyo pampu ya ghorofa ya nane. Tukibadilishana, yeye ndiye atakayepata chombo bora zaidi, na akinyamaza kuhusu hilo atakuwa mwizi. Kwa hiyo atanipa hedifoni ninazozihitaji, maiki aliyoitengeneza mwenyewe, stendi yake, na waya.

"Nenda ukalifikirie usiku," kasema. "Usinijibu leo."

Jumatano, 11 Juni

Nimemjibu leo.

Alipanga jozi tatu mezani, zote za kufunga sikio, zote za bei ya kati, namba zake ndogo. Rekodi moja kwa zote, kisanduku changu mwenyewe. Ya kwanza inachoma kwenye herufi s, kila "sasa" ni sindano. Ya pili tamu, nilitabasamu mara moja — akaninyang'anya. "Ukitabasamu haraka hivyo, inakudanganya." Ya tatu nyeusi, plastiki tupu, mikono yake imekwaruzwa. Kavu. Haina utamu wala uchungu. Sikuipenda.

"Unasikia nini?"

"Nasikia... friji."

"Ehee!"

Niliisikia friji! Ile friji yangu, ikinguruma nyuma ya sentensi ya pili kama mzee aliyeamshwa. Na kiti. Na midomo ikibanduka, aibu tupu. Vyote alivyosema yule dada wa vitabu vilikuwemo tangu mwanzo.

Zile bakuli za kijivu nimeziachia polepole. Nilizigusa velveti mara ya mwisho. Dada Solda kajifanya anatafuta kitu chini ya meza ili nisione haya.

Nyumbani nimechomeka vyote. Nikaongea. Nikajisikia papo hapo, bila mwangwi, kama ninajinong'oneza mwenyewe sikioni. Vinaendana!

Ijumaa, 13 Juni

Nimepewa mapumziko ya mchana, nikawahi nyumbani. Friji tumeichomoa. Saa ya ukutani iko kwenye godoro, imefunikwa. Mume wangu kaacha kazi yake kunisaidia: ameketi kando yangu na kitabu, anafuata mstari kwa kidole ili nikiruka neno anigonge goti. Amekaa kimya kama mlinzi wa benki.

Nimesoma vizuri. Nimesikiliza. Kuna mluzi.

Mdogo. Fiiii. Kila ninaponyamaza. Nimebadilisha waya. Nimesogeza kompyuta. Nimezima simu zote, hata ya mama mkwe, akalalamika kwamba dada yake akifa leo hatajua. Bado mluzi upo, unakuja na kwenda, kama kuna mtu anaita paka kwa mbali.

Naanza kuishuku maiki ya kutengenezwa kwa mkono. Sitaki kumshuku Dada Solda. Siku saba.

Jumamosi, 14 Juni

Lazima niandike hili taratibu, kama lilivyotokea.

Nilimpigia Dada Solda asubuhi. Alikuja mwenyewe na mkoba wake, kasema mluzi kwenye maiki yake ni tusi, atautoa leo leo. Akakaa nilipokaa jana. Akavaa hedifoni. Akaongeza sauti. Sisi sote kimya: mimi mlangoni, mama mkwe kwenye kiti chake cha dirishani, mume wangu kando ya maiki na kitabu mapajani, vile vile kama jana.

Dada Solda alifumba macho. Akachomoa waya, akachomeka. Akagusa maiki. Akafumbua macho, akatazama dari, akatazama dirisha. Kisha akamtazama mume wangu, muda mrefu.

"Shemeji, hebu toka nje kidogo."

Akatoka. Dada Solda akasikiliza.

"Shemeji, rudi."

Akarudi, akaketi.

"Toka tena."

"Dada, mimi ni mlango?"

"Tafadhali."

Akatoka akicheka. Dada Solda akavua hedifoni, akazishika mkononi. Nikazichukua nikazivaa. Chumba kitupu. Safi. Hakuna mluzi hata chembe. Mume wangu akarudi bila kuitwa, akaketi, kitabu mapajani, anatungoja. Na nikausikia ukirudi, sikioni mwangu, karibu kuliko nilivyowahi kumsikia kitandani. Anavuta, kimya. Anatoa — fiiii. Mwisho wa kila pumzi.

Ni kifua chake.

Miaka ishirini na mbili ya kukata sponji na kupuliza gundi kwenye chumba chenye dirisha moja. Kikohozi chake cha asubuhi tumekizoea, kama watu waliozoea treni inayopita. Mimi, mtu wa masikio!

"Mmeupata?" akauliza. "Ni waya?"

Akatutazama mmoja mmoja. Nafikiri alijua. Nafikiri alijua siku nyingi.

Jumapili, 15 Juni

Amekasirika. Kasema yeye si spika mbovu ya kupimwa sebuleni. Kasema ni vumbi tu, kila fundi analo. Kasema wateja watatu wanasubiri, na mimi nishughulike na sura yangu. Akaenda karakana siku ya Jumapili, akagonga misumari ambayo nina hakika haikuhitaji kugongwa.

Mama mkwe akaniita. Anataka kusikia.

Nikamvalisha. Zilimkaa kichwani juu ya kitambaa, akawa kama rubani. Nikamwekea rekodi ya Ijumaa, pale ninaponyamaza. Alisikiliza mkono wake ukiwa kifuani mwake mwenyewe. Akavua, akanirudishia kwa mikono miwili, akaingia chumbani kwake.

Alitoka amevaa gauni la kwendea mbali, viatu, mkoba. Akaenda hadi mlango wa karakana.

"Twende hospitali."

"Mama, leo Jumapili. Kliniki imefungwa."

"Basi kesho. Lakini mimi sivui."

Na hakuvua! Amekula na viatu. Amepiga usingizi wa mchana na mkoba juu ya tumbo. Saa kumi na moja jioni mume wangu kamtazama pale kitini, amejiandaa kama abiria, akaweka nyundo chini. Kasema sawa. Kasema kwa sauti ndogo, lakini nilisikia.

Jumatatu, 16 Juni

Nimeomba ruhusa kazini. Tumekwenda watatu. Daktari ni mwanamke mdogo, anaandika haraka, anasikiliza taratibu. Kampulizisha bomba la kupimia pumzi. Kamwuliza anapanda ngazi ngapi bila kupumzika. Mume wangu kasema zote. Mama yake kasema sita.

Njia za hewa zimebanwa na kuvimba. Gundi na vumbi. Lakini — nikaliandika neno hili kwenye kiganja ili nisije nikalisahau — *mapema*. Kaja mapema. Daktari kasema wengi huja wakiwa wanabebwa. Kampa dawa ya kuvuta, asubuhi na jioni. Asikanyage karakana wiki nzima. Arudi Jumatatu ijayo apulize tena, ndipo itajulikana kama mapafu yanaitikia dawa na kama anaweza kurudi kwenye ufundi kabisa.

Daktari kamwuliza alijuaje kuja. Mume wangu kanionyesha kwa kidevu. "Huyu alinunua hedifoni."

Njia nzima ya kurudi alikuwa akihesabu siku kwa vidole. Wiki moja bila karakana, kwa mtu huyu!

Jumatano, 18 Juni

Jana alipanga skrubu kwa ukubwa. Leo, niliporudi kutoka kazini, nimekuta kibanda chumbani.

Kibanda kabisa! Fremu ya mbao alizokuwa nazo, mablanketi pande tatu, mito sita ya kochi ambalo mwenyewe hajalifuata tangu mwaka jana. Hakukata sponji, ameapa, mama yake amethibitisha. Nikaingia na maiki. Nikavaa hedifoni zangu kavu. Kimya kama ndani ya kabati la nguo. Chumba hakisikiki tena!

Nimesoma sura yote, makosa tisa. Nikaketi kwenye kompyuta kukata makosa na kuunganisha. Naye akaja nyuma yangu, akaomba avae kidogo.

"Hapa kuna mshono."

"Wapi?"

"Hapa. Baada ya 'mlango'. Umeunganisha vitambaa viwili, pumzi ya huku haifanani na ya huku."

Nikasikiliza. Sikusikia. Nikasikiliza tena. Kweli! Pumzi mbili, moja imekatwa nusu.

"Rudisha nyuma kidogo. Bakiza ile pumzi ndefu. Hapo. Sasa vuta."

Akaketi. Sikumwambia aketi. Alikamata kipanya cha kompyuta kwa vidole vile vilivyochomwa na sindano tangu ujana, akawa anasogeza mistari, mdomo umebana, kama anatunga uzi kwenye tundu la sindano. Makosa tisa. Nilipika, nikala, nikamwekea chakula, kikapoa. Mama mkwe kapita, kamwona na zile hedifoni, kauliza sasa ni nani mwenye kazi hapa.

Nilikuwa nikimtazama mgongo wake. Ulikuwa umetulia. Tangu Jumamosi sijauona umetulia.

Alhamisi, 19 Juni

Nimerekodi upya yote, maana leo sauti ina joto zaidi. Mama mkwe kawekwa barazani kuzuia wageni. Anazuia kweli: "NYAMAZENI, ANAREKODI!" — hiyo imo kwenye rekodi, dakika ya nne. Mume wangu kaikata. Amecheka mpaka akakohoa, na sote tukanyamaza kungoja kikohozi kiishe, naye akatuona tunavyongoja, akachukia.

"Msiwe mnanisikiliza kila saa."

Sawa. Nitajaribu.

Ijumaa, 20 Juni

Imetumwa. Saa nane na dakika kumi mchana, kutoka dirisha la vitu vilivyopotea. Mara baada ya kubonyeza alikuja mzee kuulizia mwavuli mweusi. Nikamwambia achague.

Jumamosi, 21 Juni

Amejibu! Siku ya mapumziko, amejibu!

Dada wa vitabu anasema amesikiliza yote akiosha vyombo, na vyombo vikabaki sinkini. Ananipa kitabu. Saa tisa za kusoma! Nimepiga kelele, mama mkwe kadhani nyoka.

Halafu kuna aya ya pili. Anauliza aliyekata na kuunganisha ni nani. Ametafuta miunganiko kwa makusudi, kapata miwili tu. Ana wasomaji wengine wanne wanaosoma vizuri na kukata vibaya, rekodi zimelundikana, angependa kuzungumza na huyo mtu. Nimjibu kuhusu yote mawili Jumatatu, kabla ya kufunga ofisi.

Nikampa mume wangu simu asome mwenyewe. Kasoma. Kasoma tena. Kaweka simu mezani, uso chini.

"Ananitaka mimi?"

"Wewe."

"Mimi ni fundi wa makochi."

"Najua."

"Siyo kwamba nimeshindwa. Daktari hajasema nimeshindwa. Jumatatu atasema."

"Sijasema umeshindwa."

Akatoka akasimama mbele ya karakana. Hakufungua. Aliweka kiganja kwenye kofuli, basi. Mimi nilikuwa jikoni, ukuta mmoja, na nilijizuia kusogea karibu kusikiliza. Baadaye karudi, kauliza kama vile si yeye anayehusika: hizo rekodi za watu wanne, zina urefu gani? Na kama mtu angekata asubuhi na kushona mchana, akiwa na barakoa, dirisha la pili likatobolewa...

Nikasema kwa kazi ya watu wanne tutahitaji jozi nyingine. Kama zile zile. Kavu.

"Usiende duka la kioo," kasema.

Jumatatu, 23 Juni

Naandika kliniki, kwenye benchi la koridoni, daftari juu ya goti. Tumefika saa mbili. Sasa ni saa tano kasorobo. Mama mkwe yuko kando yangu, gauni lile lile, mkoba ule ule. Barua ya kumjibu dada wa vitabu nimeiandika kwenye simu. Sehemu yangu imekamilika: ndiyo, nakipokea kitabu. Sehemu ya mume wangu nimeiacha wazi. Kasema nisimwandikie neno mpaka atoke mle ndani, na neno lenyewe ataliandika yeye.

Asubuhi alifunga kamba za viatu bila kupumzika katikati. Nimeona. Sijui kama hiyo ni dawa au ni hasira.

Ameitwa dakika tano zilizopita. Aliingia mwenyewe, hakutaka tumfuate. Mlango ni wa mbao nyembamba, haukufungwa vizuri. Nasikia kiti. Nasikia karatasi. Nasikia daktari akimweleza: safari hii avute mpaka mwisho, abane midomo kwenye bomba, akianza asiachie mpaka atakapomwambia. Hedifoni nimeziacha nyumbani. Hapa sizihitaji.

Mama mkwe kanishika mkono unaoandika — ona mwandiko huu. Naye amesikia. Amevuta pumzi, amejaza mashavu, macho yamemtoka, anapuliza na mwanawe hewani, pale pale benchini, mbele za watu. Mimi nimevuta pia. Sikukusudia.

Huko ndani daktari amesimama, sauti yake imepanda: Puliza! Puliza, baba, puliza, usiachie, vizuri, usiachie, bado, bado, bado, bado —